Boti ya tanga, watoto watatu na Pemba: Disemba inafaa au tungoje?

Binti Mkoani

Assalam alaykum jamani. Naomba ushauri, khasa kwa wanaoijua bahari ya baina ya Unguja na Pemba. Mume wangu ana boti ya tanga, yoti ya futi 34 kama zile za wageni zinazotia nanga mbele ya Forodhani, mlingoti mmoja, injini ya dizeli, ndani ina vitanda na jiko la gesi na choo, keshaitengeneza yote na hapa karibu tunatoka nayo sana, tunalala Kendwa, tunafika Tumbatu tunarudi. Sasa tunataka safari yenyewe. Likizo ya Disemba tuwachukue watoto wetu watatu, mkubwa ana miaka 11, wa kati 8, mdogo 4, tutoke Nungwi tuvuke mpaka Mkoani halafu tupande taratibu upande wa magharibi wa Pemba, Misali, Wete, Fundo, Njao mpaka Ras Kigomasha, tulale botini muda wote kama wiki tatu hivi, turudi kabla skuli hazijafungua.

Mimi mzaliwa wa Mkoani na marehemu babu alikuwa na jahazi la kuchukulia karafuu kwa hivyo bahari si kitu kigeni kwangu, lakini jahazi la babu lilikuwa na mabaharia na sisi ni watu wazima wawili tu. Mume ni mtu wa Mjini, boti na mitambo anaijua vizuri sana, Pemba hajapata kwenda ila kwa meli. Mama mkwe ndo hataki hata kusikia, anasema mtoto wa miaka minne hapelekwi baharini wiki tatu, na kila akinambia naanza kuingia wasiwasi.

Ninayotaka kujua: Disemba kweli ni wakati wa kuvuka? Maana wapo wanaosema ngojeni kusi, upepo unaotoka kusini, ndo upepo wa kwendea Pemba. Na ile milango ya visiwani, zile njia za maji baina ya visiwa na miamba, utaingiaje na mkuku, ule uti wa chini ya boti, unaozama karibu mita mbili? Na watoto nyinyi mnawafanyaje? Nataka sana wanangu waijue asili yao wakiwa juu ya maji, wamuone kasa pale Misali, washuke Wete wazikute karafuu zimeanikwa barabarani. Nisaidieni.

Mzee wa Wete

Waalaykum salaam mwanangu. Kazi ya bahari nimeifanya tokea kijana, majahazi kwanza halafu meli, ntakwambia ninavyoijua.

Hao waliokwambia ngoja kusi wamekupa nusu ya maneno. Kusi ikishakaza, mwezi wa sita mpaka wa nane, Pemba utafika mbio, upepo unakusukuma na mkondo nao unakwenda kaskazini huko huko, na wakati huo mkondo wetu unaweza kufika noti nne. Kazi ni kurudi. Upepo usoni, mkondo usoni, na boti ya futi 34 ikijitahidi inakwenda noti tano sita, piga hesabu mwenyewe utabakiwa na ngapi. Mtakaa Mkoani mnatazama bahari na likizo inakwisha. Na bahari ya mwezi wa saba yenyewe kwa mtoto wa miaka minne hapana.

Sasa Disemba. Disemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, ndo inaingia. Chukua ramani uangalie, Mkoani uko kaskazini mashariki ya Nungwi, maili za bahari kama 30, yaani uko pale pale kaskazi inakotoka. Ikiwa imeshakaza itakubidini mbishe, mwendo wa kwenda huku na huku, maili 30 zinakuwa 45 na kuzidi, na juu ya hayo mkondo unapanda kaskazini na upepo unashuka kusini, vikikutana nje ya Ras Nungwi yale mawimbi yanakuwa mafupi yaliyosimama wima, boti haijainuka kwenye moja lishalipiga la pili. Siku nzima hivyo na watoto wanatapika ndani, hawatataka tena kuiona hiyo boti maisha yao.

Ukiniuliza mimi, ondokeni mapema, mwisho wa Novemba au siku za mwanzo kabisa za Disemba, wakati bado ni maleleji, upepo mwepesi haujajua uende wapi. Kavukeni kwa injini. Kwa noti tano ni masaa sita. Tokeni Nungwi saa kumi alfajiri bahari imelala, saa nne mko karibu na visiwa vya Panza na Makongwe mchana mweupe mnaona kila kitu. Kaskazi iacheni ikaze mkiwa mshafika, huko ndani ya visiwa haikusumbueni, na mwanzo wa Januari ndo itakayokurudisheni nyumbani upepo uko mgongoni. Mkondo utawavuta nyuma kidogo lakini majira ya kaskazi unalegea, si ule wa mwezi wa saba.

Jambo jengine ambalo watu wa Unguja hawalijui ni kina. Unguja imekaa kwenye maji mafupi, baina yake na bara pengi ni mita 30, 40, nanga inafika. Pemba sivyo. Upande wa magharibi kina kinashuka mpaka mita 800 hivi, halafu ukuta wa matumbawe unapanda kutoka kizani mpaka juu. Injini ikizima hapo nje ya mwamba hakuna pa kutosa nanga, mnyororo wenu wote hautagusa chini. Kwa hivyo tanga liwe tayari muda wote, lisiwe limefungwa kwenye mfuko kwa kuwa leo tunakwenda na injini, na mkae mbali na mwamba mpaka muwe mnajua hasa mnaingia wapi.

Na siku ya kuvuka msiichague kwa kalenda ya skuli mwanangu, wala msimuahidi mtu yeyote Mkoani kwamba Jumamosi tumefika. Sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wavuvi wa Nungwi waulizeni usiku wa kuamkia. Wakikwambieni leo hapana basi mlale Nungwi, hata siku tano. Nyumba mnayo, jiko mnalo, haraka ya nini.

Mama Wanne Kendwa

Shoga nimekuja mbio nilipoona umetaja watoto. Mume wangu nahodha wa maboti ya watalii na wanangu wote wamekulia humo, tunapanda nae msimu ukiwa mdogo. Nakwambia nendeni. Miaka minne si tatizo, mtoto wa miaka minne ni mwepesi kuliko wa kumi na mbili, anazoea siku mbili tu.

Ila ziwepo sheria na zisivunjwe hata siku moja. Kwangu mtoto hatoki ndani kuja juu bila jaketi la kuokolea, liwe saizi yake kweli lile lenye mkanda wa kupita baina ya miguu, maana la mtu mzima ukimvisha mtoto akianguka linapanda juu yeye anachomoka chini. Boti ikiwa inakwenda huyo wa minne anafungwa kamba fupi kiunoni, ncha ya pili kwenye boti, kamba iwe fupi kiasi kwamba hawezi kufika ukingoni. Hakuna anaekwenda omoni, mbele ya boti, peke yake. Usiku hakuna anaetoka kabisa bila kumuamsha mtu mzima, na hii inamuhusu baba pia, kukojolea baharini usiku boti inakwenda ndo wanaume wengi wanapopotelea, mwambie aingie chooni akae chini.

Kulewa bahari. Usiwaweke ndani, ndani ndo kunakotapisha na harufu ya dizeli. Waje shetrini, nyuma ya boti, wapigwe na upepo watazame mbali kule nchi kavu, na tumbo lisiwe tupu, biskuti kavu na chai ya tangawizi tokea kabla hamjang'oa nanga. Wangu wa tatu nikimpa kazi ya kushika usukani hatapiki, nikimnyang'anya anatapika, sijui kwanini lakini ndo hivyo, jaribu na wako huyo wa miaka 8.

Maji ya kunywa pigeni lita tatu nne kwa kila mtu kwa siku, na akiba iwe kwenye madumu mbali na tangi maana tangi likivuja mmekwisha. Misali msitarajie maji, pale hata wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, wanakuja na yao. Chakula usijaze friji, chukua vitu vinavyokaa: maboga, viazi, vitunguu, ndimu, nazi, mchele, choroko, unga wa chapati. Samaki mtanunua kwa watu wa mitumbwi kila asubuhi, watakujieni wenyewe.

Na kitu ambacho watu hawasemi, watoto watachoka na boti. Sio bahari, boti. Siku ya nne ya tano wataanza kupigana. Shukeni. Kila siku mguu ugusie mchanga, hata saa moja, wakimbie. Mimi nilikuwa napanga safari fupi fupi masaa mawili matatu halafu tunakaa pahala siku tatu nne. Huko Pemba visiwa vimekaribiana, hapana haja ya kukimbia. Mama mkwe mpeleke Kendwa alale nanyi usiku mmoja botini amuone mjukuu wake alivyofungwa kamba, moyo utatulia.

Mvuvi Kojani

dada mimi nsemee milango maana ndo kazi yangu, sisi wa kojani tunakwenda dago kila pahala na hiyo magharibi yote tunaijua usiku na mchana

kwanza maji. bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, kwetu yanashuka na kupanda mpaka mita 4 hivi, kwa hivyo pahala ulipopita jioni umeelea vizuri asubuhi watu wanaokota chaza hapo hapo. siku za bamvua maji makavu yanakuwa mnamo saa nne asubuhi halafu yanajaa mpaka saa kumi jioni, maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, kinyume chake, asubuhi yamejaa na mchana yanakupwa. sasa milango yote ya magharibi unaingia unaelekea mashariki, ukiingia asubuhi jua liko machoni maji yanameta huoni kitu hata ukiwa na macho ya mwewe. subiri saa saba saa nane mchana, jua limeshapita kichwani liko nyuma yako, na ikiwa ni siku mbili tatu baada ya bamvua maji yatakuwa yanajaa, hapo ndo unaingia. ukigusa maji yanajaa kaa kidogo yatakuinua yenyewe. ukigusa yanakupwa umepwelewa, boti ya mkuku mrefu kama hiyo itakulalia ubavu mpaka usiku na wanao wamo ndani

mmoja asimame juu omoni, avae miwani ya jua ile inayokata mng'aro, asome rangi. buluu nzito kina, kijani cha maziwa mchanga maji mafupi, rangi ya kahawia huo mwamba usiuchezee. wingu likifunika jua simamisha boti ngoja lipite, rangi zote zinapotea mara moja. GPS isikudanganye, ramani zake za huku nyingine zimepimwa zamani, mimi nimeona boti ya wageni kwenye kioo inaonyesha iko majini na wenyewe wako juu ya fungu

mlango wa njao baina ya njao na fundo ni mzuri lakini maji yanapita kwa nguvu, mara ya kwanza mchukueni kijana wa fundo awaingize, mpeni chochote, hiyo ni pesa ndogo. ukishakuwa ndani nyuma ya fundo bahari imetulia kama maji ya kwenye karai, hapo watoto waogelee wanavyotaka. chake msiende na boti, hori limejaa mchanga na mikoko, tieni nanga mbali mpande gari. upande wa mashariki kwetu kojani msije na hiyo boti majira ya kaskazi, ni bahari kuu inapiga moja kwa moja

la mwisho msitembee usiku. usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao, hao unawaona, lakini nyavu zao huzioni, na wapo wenye majarife boya lao ni chupa ya plastiki tu na mitumbwi haina hata tochi. jarife likiingia kwenye panga la injini mmesimama, na mvuvi nae kapoteza wavu wake ambao ndo chakula cha nyumba, mkikata wavu wa mtu mtafuteni mumlipe

Chake Asilia

Mimi niko na mama mkwe, nisamehe dada. Sisi watu wa Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 hatujausahau, MV Spice Islander ilipozama, hapo hapo nje ya Nungwi mnapotaka kupita. Mwaka mmoja haujatimia ikaja MV Skagit, Julai 2012, karibu na Chumbe. Hizo zilikuwa meli kubwa. Nyinyi mnapeleka watoto kwenye kitu cha futi 34. Kuna nini Pemba mtakachokikosa mkipanda feri ya asubuhi?

Mzee wa Wete

Mwanangu Chake unasema kweli kuhusu msiba ule na Mungu awarehemu wote, nami nimezika watu wangu. Lakini tuseme na sababu zake. Ile ya 2011 ilipakia watu na mizigo kupita kiasi chake. Ile ya 2012 ilikuwa Julai, kusi imekaza, bahari imechafuka. Ndo maana hapo juu nikasema Julai hapana, na ndo maana nasema pia wasijaze boti jamaa wa kupeleka Mkoani, maana watu wakisikia kuna boti inakwenda kila mtu ana gunia lake. Boti ndogo yenye mkuku mzito ikiwa haikujazwa, na watu wake wamevaa majaketi, na imechagua siku, inavuka. Babu zetu walivuka na mashua.

Ila kuna moja katika hilo: acheni taarifa. Kabla hamjatoka watu wa bandari wajue, majina ya watu wote, rangi ya boti, mnakwenda wapi na mkitegemea kufika lini. Na mtu mmoja Mkoani awe anasubiri simu, saa fulani ikipita hajapigiwa aanze kuuliza. Redio ya VHF iwe wazi chaneli 16 wakati wote, simu msiitegemee, katikati ya mkondo mtandao unapotea.

Binti Mkoani

Shkamoo ami, asanteni sana. Sote tumekaa jana usiku tukasoma majibu yenu neno kwa neno. Kaka Chake sikukasirika, hofu yako ndo hofu yangu, na ndo maana nimeuliza kabla. Mume kakubali kuondoka mwisho wa Novemba, hawa wawili wakubwa ntawaombea ruhusa skuli siku chache na vitabu vyao tutakwenda navyo.

Ila sasa kaja na jengine. Anasema ikiwa kaskazi inashuka kusini, mbona tusitoke Pemba Januari tukaunganisha mpaka Ngazija, Komoro, kwa jamaa zake, maana upepo utakuwa nyuma. Mimi moyo umekataa lakini sina hoja.

Mzee wa Wete

Marahaba mwanangu. Moyo wako umekwambia sawa, hoja nakupa mimi.

Upepo kweli utawapelekeni, wazee wetu walishuka na kaskazi mpaka Ngazija na Bukini, yaani Madagaska, wakarudi na kusi, hilo mumeo kalisema vizuri. Lakini toka Disemba mpaka Aprili ndo majira ya vimbunga kule chini. Chido ilipiga Maore, yaani Mayotte, tarehe 14 Disemba 2024 mkaona wenyewe kwenye picha nyumba zilivyolala. Kenneth ilipita Ngazija Aprili 2019 kabla ya kwenda kupiga Msumbiji. Sisi huku vimbunga vinatufikia mara chache kwa vile tuko karibu na ikweta, lakini hata sisi si kwamba hatujapata kuvijua, Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na Pemba ikasalimika, na Hidaya ya Mei 2024 ilifika mpaka Mafia. Kadri unavyoshuka kusini ndo unavyokwenda kukutana navyo.

Halafu umbali. Kutoka Unguja mpaka Ngazija ni karibu maili 400 za bahari, mchana na usiku siku tatu na kitu bila kusimama, na nyinyi ni watu wawili mnaopokezana usukani, na anaepumzika ndo huyo huyo wa kumuangalia mtoto. Hapana. Mwambie Ngazija ingoje mpaka muwe na baharia wa tatu, na watoke wakati vimbunga vimekwisha, watoto wapande ndege wakutane huko.

Mama Wanne Kendwa

Hapo ami umemaliza. Shoga, na mkishuka kwenye vijiji, Fundo, Tumbatu, popote, muanze kwa sheha, kiongozi wa mtaa, mkajitambulishe mnalala wapi na siku ngapi. Mvae vizuri, kanga mkononi muda wote hata ukitoka kuoga. Misali ni hifadhi tokea 1998, kuna ada na kuna sehemu hairuhusiwi kuvua kabisa, na nanga msitose juu ya matumbawe, waulizeni walinzi wawaonyeshe pa mchanga. Kasa akipanda kutaga usiku hakuna tochi usoni mwake wala kelele, waambie watoto mapema.

Binti Mkoani

Inshallah. Swali la mwisho jamani, dizeli tutapata wapi huko, au tuchukue yote kutoka Mjini?

Mvuvi Kojani

mkoani na wete ipo dada ila haiji kwenye gati, mnaifata kituoni na madumu. chukueni madumu yenu masafi na chujio la kitambaa au faneli yenye wavu, madumu ya kuazima huwa yana maji chini na maji yakiingia kwenye injini itakuzimikia hapo hapo mlangoni. ukifika wete niulizie gatini kwa watu wa kojani, ntakutafutia huyo kijana wa fundo

Binti Mkoani

Asante kaka yangu, ntakutafuta. Bismillahi majraha wa mursaha, tukifika ntaandika hapa.